Mwanafunzi Mgeni ni Amana

Kila mwaka, masomo ya juu yanapokaribia kufunguliwa na mvua za kwanza zinapoanza kulowesha vumbi jekundu la barabara ya Kasapa hapa Lubumbashi, wazazi wa nchi hii huwafungia vijana wao mizigo, wakawapa godoro la sifongo, sufuria moja, mfuko wa unga na fedha za ada zilizokusanywa kwa miezi mingi, kisha wakawaaga kwa dua waende Chuo Kikuu cha Lubumbashi au mojawapo ya vyuo vingine vya mji huu. Wengine hutoka mtaa wa pili. Wengine husafiri siku kadhaa kwa treni kutoka Kamina na Mwene-Ditu, wakashuka stesheni hali hawamjui mtu. Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya yale yanayowangoja baadhi ya vijana hao kabla ya somo la kwanza kufundishwa: mateso ya kuwapokea wageni, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita kwa Kifaransa bizutage, au huyapa jina tukufu yasilostahili, wakayaita ubatizo.

Desturi yenyewe inajulikana, ingawa aghalabu husimuliwa kwa kicheko. Mwanafunzi aliyeingia mwaka wa kwanza huitwa bleu, na aliyemtangulia, ambaye naye aliwahi kupitishwa njia hiyo hiyo, huitwa poil. Na kati ya majina hayo mawili huwekwa mpaka kama ule uliowekwa zamani kati ya bwana na mtumwa. Bleu huamriwa avae nguo zake nje ndani, anyolewe nywele upande mmoja na kuachwa upande wa pili, apige magoti juu ya kokoto, atambae matopeni, ajibu maswali ya fedheha juu ya mwili wake na nyumba yao, aimbe nyimbo ambazo hathubutu kuzirudia mbele ya mama yake, na mwisho atoe fedha ambazo huitwa mchango, ilhali hakuna aliyemwuliza kama yu radhi kuchanga. Si kila kitivo kinachotenda hayo, wala si kila mwaka, na insafu inatudai tuseme kwamba wapo wanafunzi wakubwa wengi wanaochukizwa nayo. Lakini kuchukizwa moyoni na kunyamaza kinywani hakumwokoi mtu aliyepiga magoti juu ya kokoto.

Natuutazame ubaya huu kwa karibu, maana dhulma inayosemwa kwa jumla huonekana ndogo. Chumba cha home, yaani bweni la chuo, kilichojengwa kwa ajili ya watu wachache, hulala watu maradufu, kwa kuwa wapo wasio na haki ya kitanda, hao wanaojulikana kwa jina la maquisards, wanaojibanza sakafuni kwa hisani ya mwenye chumba. Mgeni aghalabu huwa miongoni mwao. Hana ufunguo, hana kufuli, sanduku lake limesukumwa chini ya kitanda cha mtu mwingine, na huyo aliyemkaribisha leo aweza kumfukuza kesho. Usiku wa manane mlango unapopigwa, na sauti zikamtaka atoke nje na ndoo ya maji, kijana huyu hupima mambo mawili kwa nukta moja: akikataa, hana pa kulala wala wa kumwazima madaftari, akikubali, atakuwa amepata pa kuweka kichwa chake. Hutoka. Kesho yake watu husema kwamba alitoka kwa hiari yake mwenyewe. Basi hiari ya mtu asiye na mahali pengine pa kwenda ni hiari ya namna gani? Hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote: bizutage hushika pale ambapo chuo kimemwacha mgeni mikononi mwa mwanafunzi mwenzake kwa kila haja yake, kitanda, habari, madaftari na usalama.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba ni mila, na kwamba kuipiga vita ni kuupiga vita urithi wetu. Historia haiwaungi mkono. Chuo chetu kiliundwa mwaka 1955, mji huu ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, kikafungua milango yake mwaka 1956 kikiwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1971 kiliunganishwa na Lovanium ya Kinshasa na Chuo Kikuu Huru cha Kisangani, vyote vitatu vikawa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mwaka 1981 kikajitenga tena na kupata jina lake la sasa. Pamoja na vitabu na majoho, elimu ya juu ya Kibelgiji ilileta pia michezo ya wanafunzi wa Ubelgiji, ambao hata leo, huko Brussels na Liège, huitana bleu na poil vivi hivi. Ndugu zetu wa Rwanda, waliopitia utawala ule ule, nao waliijua desturi hiyo, wakaiita kunnyuzura. Na Wabelgiji nao waliirithi kutoka vyuo vya kale vya Ulaya, ambako tangu karne ya 14 wakuu wa Chuo Kikuu cha Paris walilazimika kuwakataza wanafunzi wakongwe wasiwanyang'anye wageni fedha kwa kisingizio cha kuwakaribisha. Kwa hiyo kitu kinachotetewa kwa jina la mababu zetu hakikutoka kwao, na huko kilikotoka wenye busara wamekikataza kwa karne nyingi.

Mababu zetu walikuwa na mambo mengine. Pwani kulikuwa na jando na unyago. Walunda, Wachokwe na jamaa zao wana mukanda. Waluba wana butanda ya wasichana, na Wabemba wana chisungu. Sisemi kwamba huko hakukuwa na ukali. Ukali ulikuwako, na baadhi ya yaliyotendwa humo sisi wa leo hatuwezi kuyaridhia. Walakini tazameni tofauti. Jandoni mzazi alijua mwanawe yuko wapi na atarudi lini. Kila mwari alikuwa na kungwi wake, mtu mzima anayejulikana kwa jina, aliyemlinda usiku na kumwuguza kidonda, na likitokea baya, kungwi huyo ndiye aliyeulizwa mbele ya wazee. Na kijana alirudi nyumbani amefunzwa jambo, adabu ya ndoa, siri za ukoo, kazi ya mikono, akapokewa kwa ngoma na nguo mpya. Je, katika bizutage kungwi ni nani? Ni kijana wa miaka 20, aliyemzidi mwenzake mwaka mmoja tu wa masomo, ambaye hakuteuliwa na mtu, hakufunzwa kuuguza, na ambaye mambo yakiharibika huwa wa kwanza kutoroka gizani. Mzazi hana habari. Na elimu anayotoka nayo mgeni ni moja tu, kwamba mwenye nguvu ana ruhusa ya kumdhalilisha asiye na nguvu, mradi angoje zamu yake.

Nayo zamu ndiyo inayoiweka desturi hii hai. Mtu aliyedhalilishwa bila kupata wa kumlalamikia hujiona anaudai ulimwengu, na kwa kuwa hawezi kumdai aliyemtenda, ambaye amekwisha panda daraja au amehitimu, humdai asiye na hatia anayekuja nyuma yake. Hivyo fedheha hupokezwa kutoka mwaka hadi mwaka kama deni lisilolipika, kila mmoja akimtoza yule asiyekopa. Ndiyo maana si sahihi kudhani kwamba wanaotesa ni watu waovu kwa maumbile yao. Wengi wao ni vijana wapole, wenye kusali, wenye kuwapenda wadogo zao nyumbani. Wametiwa katika mnyororo, nao hawajaona mtu aliyethubutu kuukata.

Husemwa tena, kwa maneno ya wahenga, kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali ni hekima, lakini si kila anayeitamka huwa na hekima. Kuku hufungwa kamba ili asipotee, mpaka ayazoee makao mapya. Hafungwi ili ateswe, na mwenye kuku ndiye anayempa mtama na maji. Kama ni hivyo, basi na tumfunge mgeni wetu kamba ya uangalizi: aonyeshwe maktaba iliko, afahamishwe saa za masomo, akanywe juu ya matapeli wanaouza nafasi za kitanda. Na wahenga hao hao walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi mpya aliyekuja na akili yake, juhudi yake na lugha ya kwao ni baraka kwa promosheni nzima, yaani wanafunzi wote wa mwaka mmoja. Wenye kumvunja moyo wiki ya kwanza wamejinyima uponyaji huo.

Tena husemwa kwamba mateso huleta umoja. Ni kweli kwamba watu waliopatwa na taabu pamoja hupendana. Lakini hupendana kwa sababu ya kusaidiana katika taabu, wala si kwa sababu ya kutiwa taabuni na wenzao. Wachimbaji wa migodi ya shaba ya nchi hii hawakuhitaji kutukanana ili wawe ndugu. Walipeana maji shimoni, wakachangiana misiba kambini, na undugu wao ukatosha kuwazika wafu na kulea mayatima. Umoja unaojengwa juu ya siri ya kumwonea mtu ni umoja wa washirika wa kosa, na siku ya hukumu kila mmoja wao humtaja mwenzake.

Wasikilizaji wangu, hatari ya mambo haya haiishii kwenye aibu. Mwezi wa Desemba mwaka 2018, huko Ubelgiji, mwanafunzi wa miaka 20 wa Chuo Kikuu cha Leuven, ambaye asili yake upande wa baba ni Afrika Magharibi, alitaka kuingia katika chama cha wanafunzi kilichoitwa Reuzegom. Alinyweshwa pombe kwa wingi, kisha akanyweshwa mchuzi wa samaki wenye chumvi kali, akawekwa katika shimo la maji wakati wa baridi kuu. Joto la mwili wake likashuka, chumvi ikazidi katika damu, ubongo ukavimba, naye akafariki hospitalini. Waliomtenda hayo walikuwa wengi wao watoto wa watu wenye nafasi, wenye kujiandaa kuwa wakuu wa kesho. Na jambo lililowashughulisha baada ya msiba lilikuwa kufuta ujumbe katika simu zao. Tarehe 26 Mei 2023 mahakama ya rufani ya Antwerp iliwatia hatiani vijana 18, ikawapa kazi za kuitumikia jamii za saa 200 hadi 300 na faini ya euro 400 kila mmoja, adhabu ambayo watu wengi nchini humo waliiona nyepesi mno mbele ya uhai wa mtu. Hakuna hata mmoja wao aliyetaka kuua. Walitaka kucheka tu, na kicheko kikaishia kaburini.

Hapa kwetu hatari hizo zina nyongeza. Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye maradhi ya selimundu, ambayo wengi wetu huyaita SS, na mgonjwa wake, ambaye kwa kumtazama tu humjui, aweza kuzidiwa vibaya kwa sababu ya kumwagiwa maji baridi usiku, kunyimwa maji ya kunywa, au kulazimishwa kukimbia na kuruka hadi nguvu zimwishe. Mwenye pumu naye ni vivyo hivyo. Hata mtu mzima wa afya, akilazimishwa mazoezi kupita kiasi, misuli yake huvunjika ndani kwa ndani na taka zake zikaziharibu figo; dalili yake ni maumivu makali na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Na lutuku, pombe kali inayopikwa mafichoni, haina kipimo wala mwangalizi: ikichanganyika na sumu ya methanoli hupofusha, na ikinywewa kwa mashindano huua. Kwa hiyo nawaomba mlishike neno hili: mtu aliyelewa hata haamki haachwi alale peke yake kwa matumaini kwamba pombe itamtoka. Hulazwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo, hukaliwa karibu, na hupelekwa upesi katika hospitali ya Sendwe, kliniki za chuo kikuu, au kituo chochote cha afya kilicho karibu.

Tena chuo chetu kina sababu yake ya peke yake ya kuichukia desturi hii kuliko vyuo vingine vyote. Mwezi wa Mei mwaka 1990, wiki chache baada ya Rais Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja, wanafunzi wa Lubumbashi walianza kuwashuku wenzao kwamba ni wapelelezi wa serikali, wakawakamata baadhi yao na kuwapiga mbele ya umati. Kisha usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12, makomando wakavamia vyumba vya wanafunzi, wakipitia mlango kwa mlango, wakichagua nani aguswe na nani aachwe kwa kuuliza neno la siri ambalo wa upande mmoja walilijua na wa upande mwingine hawakulijua. Watu waliuawa, na idadi yao imebishaniwa hata leo. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire, na jina la mji wetu likatajwa duniani kwa majonzi. Silinganishi msiba ule na mizaha ya wanafunzi, hasha. Dhambi ya dola iliyotuma askari haina mfano. Lakini nasema kwamba mahali ambapo wanafunzi waliwahi kugongewa milango usiku, wakagawanywa mafungu mawili, wenye kujua neno na wasiolijua, panapaswa kuwa mahali pa kwanza Afrika ambapo mlango wa mwanafunzi mgeni haugongwi usiku na mtu mwenye nia ya kumtisha. Waliokufa mwaka 1990 wana haki ya heshima hiyo kutoka kwetu.

Sasa tuingie katika sheria, maana wapo wanaodhani kwamba ndani ya uzio wa chuo sheria hulala. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya 16, inasema kwamba binadamu ni mtakatifu, na kwamba haifai mtu yeyote kutendewa kwa ukatili au kwa namna ya kumvunjia utu. Sheria ya jinai inaadhibu kupiga na kujeruhi. Na kipigo kilichokusudiwa, kikileta kifo ambacho hakikukusudiwa, adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 20. Sheria ya 2006 juu ya ukatili wa kijinsia haina ibara inayosema kwamba kosa hilo likifanywa kwa mzaha wa ubatizo limesamehewa. Aliye chini ya miaka 18, na wapo wanaoingia chuoni kabla ya umri huo, analindwa pia na sheria ya watoto ya mwaka 2009. Na mtu anayeacha kwa makusudi kumwokoa mwenziwe aliye hatarini, ilhali angeweza, naye ana kosa mbele ya sheria. Yule aliyesimama kando akipiga picha kwa simu yake asijidanganye kwamba mikono yake ni safi.

Mataifa mengine yamekwenda mbele zaidi, nasi tunaweza kujifunza kwao bila ya kuona haya. Ufaransa ilitunga sheria tarehe 17 Juni 1998 inayofanya bizutage kuwa kosa la jinai lenye jina lake, kwa kifungo cha miezi 6 na faini ya euro 7,500, na sheria hiyo ikatamka jambo la busara kubwa: kwamba kosa ni kosa, aliyetendewa awe ameridhia au hakuridhia. Walijua kwamba ridhaa ya mwenye hofu haina uzito katika mizani ya haki. India, baada ya vifo vingi na baada ya mahakama yake kuu kuingilia kati, iliweka kanuni mwaka 2009 kwa vyuo vyote: kila mwanafunzi na mzazi wake hutia sahihi kiapo kwamba hatashiriki mateso hayo, wageni hulazwa katika bweni lao peke yao, walinzi hupita usiku bila ya kutangaza saa, ipo namba ya simu ya taifa inayopokea malalamiko mchana na usiku, na mkuu wa chuo anayeficha habari huwajibika mwenyewe. Marekani ilipitisha sheria mwezi wa Desemba 2024 inayovilazimisha vyuo kutangaza hadharani matukio hayo na majina ya vyama vilivyohusika. Kenya nayo, mwaka 2017, wizara ya elimu ilipochunguza habari za wanafunzi wakubwa kuwatesa wadogo katika Alliance High School, shule yenye sifa iliyoanzishwa mwaka 1926, haikusema kwamba sifa ya shule isiguswe. Ilichunguza, na mkuu wa shule akastaafu kabla ya wakati. Funzo la nchi zote hizo ni moja: katazo la karatasi halimlindi mtu mpaka liwe na mwenye dhamana ambaye ataulizwa.

Ndiyo maana nimeyaita mazungumzo haya kwa jina la amana. Mama anayeuza makaa au unga sokoni katika mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, akikunja noti zake moja moja katika kitambaa ili mwanawe apate kuandikwa chuoni, hampeleki kijana huyo kwa poil wala kwa umati wa home. Anamkabidhi kwa rekta, kwa dekano, kwa mwalimu na kwa mlinzi wa lango. Amana ikipotea, anayeulizwa ni aliyepokea. Haifai basi wakuu wa chuo waseme kwamba hayo ni mambo ya wanafunzi wenyewe kwa wenyewe, kama vile mwenye duka asivyoweza kusema kwamba mali aliyowekewa iliibwa na wateja wake.

Nini kifanyike hapa Lubumbashi, kwa uwezo tulio nao, bila ya kungoja fedha za wafadhili? Kwanza, mwanafunzi mpya apewe kungwi wake halali. Siku anapoandikwa katika ofisi ya apparitorat, aandikiwe kwenye karatasi ile ile jina la mwanafunzi mkubwa atakayemwongoza kwa miezi mitatu ya kwanza, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke. Na huyo mkubwa atie sahihi yake, ajue kwamba mgeni huyu akidhurika, yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Kiu ya vijana ya kuwa wakubwa na kuheshimiwa na wadogo ni kiu halali. Tuipe kazi njema ya kufanya. Pili, vyumba vya wageni viwe upande mmoja wa mabweni, na katika wiki tatu za kwanza walinzi na wawakilishi wa vitivo wapite usiku kwa zamu. Tatu, kiongozi wa kila promosheni na kamati ya wanafunzi watangaze, mbele ya wageni wenyewe, kwamba hakuna mchango wowote unaodaiwa bila ya stakabadhi ya chuo. Nne, sherehe ya kuwapokea wageni isiondolewe, bali ifanywe mchana, uwanjani, kwa nyimbo, michezo, chakula cha bukari na sombe, na wazazi waalikwe. Jambo jema likiachwa bila ya sherehe, jambo baya hulichukulia nafasi yake.

Na ikiwa madhara yamekwisha tendeka, neno langu kwa aliyetendewa ni hili. Mwanangu, hukukosa. Nenda kwanza kwa daktari, akutazame na akuandikie hati. Usizifue nguo ulizovaa. Andika siku, saa, mahali na majina unayoyakumbuka kabla hayajachanganyika. Hifadhi ujumbe na picha ulizopelekewa. Kisha mwambie mtu mmoja mzima unayemwamini, mzazi, mwalimu, padri, mchungaji au sheikh, akusindikize kwa dekano, na jambo likiwa zito, akusindikize katika ofisi ya waendesha mashtaka. Msichana aliyeingiliwa kwa nguvu asingoje hata siku moja, kwa kuwa zipo dawa za kumkinga na ukimwi ambazo hazifai kitu zikichelewa kupita siku tatu. Kwa wakuu wa chuo nasema: mlalamikaji atenganishwe na mshtakiwa siku hiyo hiyo, na anayehamishwa chumba awe mshtakiwa wala si mlalamikaji, shahidi alindwe jina lake, uamuzi utolewe kwa wakati na utangazwe, ili watu waone kwamba haki ina miguu. Na mkosaji aadhibiwe kwa kipimo cha kosa lake: aliyeumiza mwili apelekwe mbele ya sheria, na aliyefuata mkumbo afunzwe, aombe radhi, alipe alichotoza. Adhabu isiyo na kipimo huwafanya mashahidi wanyamaze kwa huruma, nasi twahitaji waseme.

Wazazi, msimwage mtoto kwa kumwambia avumilie yote. Mwambieni avumilie njaa, foleni na ugumu wa masomo, lakini asivumilie kuvunjiwa utu wake. Na wiki ya kwanza mpigieni simu usiku, wakati ambao mambo hayo hutendeka, mkaisikie sauti yake. Baba, usijisifu mbele yake kwa mateso uliyoyapitia ujanani kana kwamba ni cheti cha uanaume, kwa maana huenda ukamfunga ulimi siku atakapotaka kukwambia yaliyomfika.

Neno langu la mwisho ni kwako wewe uliye mwaka wa pili au wa tatu, uliyepigishwa magoti ulipoingia, na ambaye sasa wenzako wanakuita mkaonyeshe ukubwa wenu. Uliloonewa halitalipwa kwa kumwonea mwingine. Una uwezo ambao rekta hana, na bunge halina, nao ni wa kuukata mnyororo pale ulipofikia mkono wako. Usiku huo watakapokuja kukuita, kataa kwenda. Nawe usikatae kimya, bali nenda ukasimame mlangoni pa mgeni, umwambie jina lako, umwonyeshe njia ya maktaba asubuhi. Ukifanya hivyo wewe mmoja, mgeni mmoja atakuwa ameokoka. Mkifanya hivyo promosheni moja, watakaokuja mwakani hawatakuwa na deni la kumdai mtu. Nawaombeni mfanye hivyo mwaka huu huu wa masomo.